Pailoti wa Kituo cha Majani

Ukileta majani yako kituoni hapa Boito siku ya kuchuma, utamkuta Kipkurui amesimama kando ya mizani, koti la mvua limefungwa hadi shingoni, anapekua majani ya watu mezani. Akiona magumu anayatoa na kuyatupa kando bila kumtazama mwenyewe usoni. Yakibaki majani mawili na kichipukizi, analitundika gunia kwenye ndoano, anasoma kilo na kusema, "Anayefuata." Hapo hana mjomba wala shangazi. Mama yake mzazi, Rebeccah, nimewahi kumwona akirudishiwa nusu ya gunia, akaenda kukaa kwenye nyasi kuchambua upya, kanuna kama mtoto aliyenyimwa sukari.

Watu wote humwita Pailoti. "Pailoti, nipimie haraka, ng'ombe hawajakamuliwa." "Pailoti, lori la kiwanda limekwama wapi leo?" Mgeni akisikia hudhani tunamtania karani wa chai. Hatutanii. Kipkurui alisomea urubani Nairobi, akafaulu, akapewa leseni ya kurusha ndege za abiria. Picha yake akiwa na shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani iko sebuleni kwao, imefunikwa kitambaa cha kufuma isishike moshi.

Mimi naitwa Loice. Nilifundisha chekechea hapa mpaka nikastaafu, na huyo Kipkurui nilimfundisha kushika penseli. Shamba letu na lao limetenganishwa na mfereji tu, kwa hiyo haya nimeyaona, sikusimuliwa. Nikisema kwa ukali mnivumilie. Nimechoka na sherehe, na nimechoka zaidi na watu wanaofanya sherehe kabla ya jambo lenyewe.

Kwetu Wakipsigis, mtu akienda mbali akarudi na ushindi, hupokewa kwa mursik, yale maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa mpaka yakachachuka vizuri. Anavalishwa sinendet shingoni, ule mmea mbichi unaotambaa, na anayemheshimu anamnywesha mbele ya watu wote. Mmewaona wanariadha wetu wakipokewa hivyo wakitoka ng'ambo na medali. Sasa angalieni jambo hili kwa makini: wanakunywa wakiwa wamesharudi. Sijawahi kuona mkimbiaji akinyweshwa mursik akiwa anafunga kamba za viatu.

Baba yake Kipkurui, marehemu mzee Arap Chumo, aliuza shamba la chini, lile la kando ya mto, pamoja na ng'ombe wote wa maziwa isipokuwa mmoja, ili kijana asomee ndege. Siku kijana alipokuja nyumbani na leseni, mzee alimsubiri barabarani na kibuyu mkononi. Akina mama waliimba kutoka njia panda mpaka mlangoni. Kipkurui alikunywa, povu likamshika mdomoni, watu wakapiga makofi, na mzee akalia machozi ambayo hakuyatoa hata kwenye mazishi ya ndugu yake. Lakini kijana alikuwa amerudi na nini? Alikuwa amerudi na ruhusa ya kwenda kutafuta kazi. Tulimpokea kama aliyefika, na hata safari yenyewe alikuwa hajaianza.

Baada ya sherehe alirudi Nairobi. Kila asubuhi alikwenda uwanja mdogo wa ndege, akaketi kwenye ofisi za kampuni hizi ndogondogo na bahasha yake magotini. Kampuni moja ilimruhusu apakie mizigo na kuosha ndege bila mshahara, akitumaini kwamba siku moja kiti cha rubani msaidizi kitabaki wazi na wamwite akikalie. Kiti kilibaki wazi mara kadhaa, kikakaliwa na mtoto wa fulani. Kisha ikaja korona, ndege zikaegeshwa, na hata wale waliokuwa na kazi wakarudishwa kwao. Leseni ya rubani nayo, nimekuja kujua, si kama cheti changu cha ualimu ambacho kimelala kwenye sanduku na bado ni cheti. Inataka upimwe afya, inataka uendelee kuruka na mtu akupime ukiruka, la sivyo inakufa. Yake ilikufa.

Mzee Arap Chumo wakati huo alikuwa mgonjwa. Akitembelewa alisema, "Kijana yuko likizo kidogo." Alikufa na neno hilo mdomoni. Kipkurui alikuja kumzika, akabaki kumsaidia mama yake, na nafasi ya karani wa kituo ilipotokea akaichukua.

Na hakuna aliyemuuliza kitu. Mtu aliyenyweshwa mursik mbele ya kijiji kizima utamuulizaje kama alishindwa? Badala yake watu walijitafutia maelezo. Wengine walisema aliitwa na Waarabu akakataa kwa sababu walimtaka abadili dini. Wengine walisema kuna msichana wa Nairobi aliyemfanyia mambo. Mzee mmoja wa kanisa alishikilia kwamba Pailoti aliona kitu mawinguni na akaapa hatapanda tena. Kipkurui aliyasikia yote na hakukanusha hata moja. Aliendelea kupima chai, akizeeka haraka kuliko umri wake.

Sasa nije kwa Phyllis. Phyllis ni mjane, jirani yangu wa upande wa juu. Ana kipande cha chai alichopanda na marehemu mumewe wakiwa bado wachanga wa ndoa, na hicho ndicho chakula chake, karo yake, sabuni yake na bonasi yake ya mwisho wa mwaka. Husaidiwa kuchuma na Syprose, mama mmoja kutoka upande wa ziwa ambaye alifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kericho mpaka mashine za kuchuma zikaja, akapoteza kazi na nyumba ya kampuni siku moja. Phyllis alimpa chumba cha nyuma. Wale wawili wakiwa katikati ya chai asubuhi, hujui nani mwenye shamba na nani kibarua.

Binti ya Phyllis, Chepchirchir, alimaliza sekondari na alama ambazo shule yetu haikuwa imeziona. Hesabu na fizikia zote juu kabisa. Kabla ya hapo mtu mmoja wa chuo cha urubani alikuwa amefika shuleni kwao kuwazungumzia wanafunzi kuhusu kazi za baadaye. Alivaa tai. Aliwaambia kwamba kwa miaka ishirini ijayo dunia itahitaji marubani wengi kuliko vyuo vyote vinavyoweza kuwatoa, na kwamba wasichana ndio wanaotafutwa kwa taa. Aligawa karatasi za rangi zenye picha ya msichana mweusi mwenye kofia akitabasamu mbele ya ndege. Chepchirchir aliibandika ile karatasi juu ya kitanda chake, na Phyllis akaanza kuitazama kila alipoingia kufagia.

Mwezi mmoja haukuisha, Phyllis alinijia jikoni.

"Mwalimu, nimeamua," alisema. "Nitakodisha chai kwa Mochama."

Mochama ni mfanyabiashara wa Chepilat anayekodisha chai za watu walio na shida. Anakulipa pesa zote mara moja, kisha anachuma yeye mpaka muda uishe. Nilimuuliza Phyllis ni kwa muda gani. Aliponiambia, alijaribu kuhesabu atakuwa na umri gani chai ikimrudia, akacheka.

"Na wewe utakula nini?" niliuliza.

"Mtoto akiwa pailoti nitakosa chakula?"

"Pailoti tunaye mmoja hapa. Anapima majani."

"Ah, Kipkurui ni yeye mwenyewe alikataa kazi. Kila mtu anajua." Alisema hivyo bila kejeli yoyote.

Harambee ilipangwa uwanja wa kanisa siku ya Jumamosi, ili michango ya watu ifungue njia. Jumatatu yake Mochama angeleta wachumaji wake na pesa, na msichana angeenda Nairobi. Mgeni wa heshima ni nani tena? Nilikuwepo kituoni Phyllis alipomwomba. Mvua ilikuwa imetukusanya sote chini ya paa la mabati, lori limechelewa kama kawaida yake.

"Pailoti, nimekuja kukuomba," alisema Phyllis. "Jumamosi ukae mbele. Uvae ile nguo yako nyeupe. Na wewe ndio utamnywesha mtoto mursik. Si wewe ulikunywa? Basi mkono wako ndio unafaa."

Kipkurui alifuta mizani kwa kitambaa, sehemu ambayo tayari ilikuwa kavu.

"Nguo hainitoshi tena, Mama Chepchirchir," alisema.

"Basi kuja na suti. Utakuja?"

"Nitakuja."

Phyllis alimshukuru mpaka akamshika mikono yote miwili. "Kongoi, kongoi mising." Alipoondoka, nilimsogelea. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijui kusubiri.

"Kipkurui, yale mtu wa tai alisema ni kweli ama ni uongo?"

"Mwalimu, si uongo. Hiyo ndio shida yangu. Ingekuwa uongo ningesimama kwa barabara nipige kelele."

"Sasa ni nini?"

Alikaa juu ya gunia tupu. Syprose alikuwa hapo karibu anakamua maji kutoka kwenye leso yake, na yeye hakufukuzwa.

"Marubani wanatakikana," alisema Kipkurui. "Lakini wanataka wale wameshakuwa. Mtu wa masaa elfu na zaidi hewani. Mimi chuo kilinitoa na masaa mia mbili. Nikienda kuuliza kazi wananiambia, rudi ukiwa na masaa. Nauliza, masaa nitatoa wapi? Wanasema, kwa kazi. Nilizunguka hapo kama ng'ombe amefungwa kwa nguzo."

"Na wale mlisoma na wao?"

"Mmoja yuko Doha. Baba yake alikuwa kapteni. Mwingine kwao walikuwa na uwezo, wakamnunulia masaa Afrika Kusini. Wengine, mmoja anauza bima, mmoja anafuga kuku Nakuru. Huyo wa kuku tunaongea sana."

"Lakini huko mbele? Huyu mtoto akimaliza?"

"Huko mbele sijui, mwalimu. Sijui, na hiyo ndio imenichosha." Alitoa simu yake mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Kila mwaka nasoma hapa kwamba mwaka ujao wataandika watu wengi. Wazee wanastaafu, ndege mpya zimeagizwa. Mwaka ukifika, wanasema ule mwingine. Sasa nasoma wanataka ndege kubwa iwe na rubani mmoja mahali pa wawili, kazi ya yule wa pili ifanywe na kompyuta. Labda haitakuwa. Lakini ikiwa, ile kiti wametoa ndio kiti ya kuanzia. Mtoto wa Phyllis atajifunzia wapi?"

Syprose alicheka kidogo bila furaha. "Hata sisi walituambia mashine inakuja kutusaidia tu. Ilitusaidia mpaka tukabeba magodoro."

"Basi mwambie Phyllis hivyo hivyo ulivyoniambia," nilimwambia Kipkurui.

"Nimwambie nini? Hakuna kazi? Siwezi kuapa. Pengine yeye atapata. Ana akili kuliko mimi. Halafu nikisema, unajua watasema nini?"

Nilijua. Watasema Pailoti ana wivu, alishuka na hataki mwingine apande. Nilitaka kubishana naye, lakini mtu huyo alikuwa na uso wa mtu ambaye amebishana na nafsi yake usiku kucha kwa miaka na kila usiku akashindwa. Nilichukua kikapu changu nikaenda nyumbani. Nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira.

Juma hilo Rebeccah, mama yake, hakushikika. Alichagua kibuyu kirefu kuliko vyote, akakisugua kwa mkaa, akaweka maziwa na kuyafunga. Nilimwona akipiga pasi suti ya marehemu mumewe juu ya meza, akipunguza kiuno kwa sindano. Tangu siku ile ya barabarani hakuna mtu aliyekuwa amemwita mwanawe mbele ya watu kwa jambo la heshima. Aliniambia, "Loice, Mungu hasahau. Sasa watamkumbuka." Nilimpa sukari aliyokuja kuomba.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu saa tatu. Mahema mawili yalifungwa, moja likajaa maji tumboni na vijana wakawa wanalisukuma kwa mti ili limwagike nje. Wali na nyama vilikuwa tayari nyuma ya kanisa. Mshereheshaji, ambaye ni yuleyule mzee wa kanisa aliyeleta habari za kitu cha mawinguni, alizungumza mpaka kipaza sauti kikaanza kulia. Chepchirchir aliketi mbele na sinendet shingoni, mgongo wima, mikono magotini. Mrembo wa watu. Phyllis kando yake alikuwa amevaa rinda la harusi ya dada yake na viatu vya kuazima, na kila mchango ulipotajwa aliinua kichwa kama anayeitwa jina.

Kisha mzee akasema, "Sasa tumwite mtoto wetu ambaye amekanyaga mawingu kwa miguu yake. Pailoti wetu! Aje amnyweshe huyu mwenzake."

Akina mama walianza wimbo. Rebeccah alisimama na kibuyu, akakifungua, akamkabidhi mwanawe kwa mikono miwili na magoti yamekunjwa kidogo, jinsi unavyompa mtu mkubwa. Chepchirchir alisimama. Kipkurui akakishika kibuyu. Msichana alishainua kidevu, lakini yeye hakukiinua kibuyu.

Wimbo uliendelea kidogo peke yake, ukapungua, ukaisha.

"Hii maziwa," alisema Kipkurui, na mzee akamsogezea kipaza sauti, "hii maziwa ni ya mtu amerudi. Huyu mtoto hajaenda popote."

Kuna waliocheka wakidhani ni utangulizi wa hotuba.

"Mimi nilikunywa pale barabarani. Mama yangu yuko hapa, anajua. Nilikunywa kama mtu ameshinda. Watu wangu, mimi sijawahi kuajiriwa kuwa rubani. Hata siku moja. Nimesikia mnasema nilikataa Waarabu. Hakuna Mwarabu aliniuliza."

Hapo wakacheka zaidi, mpaka walipoona hacheki. Nilimtazama Rebeccah. Alikuwa bado amesimama, mikono mbele, mahali palepale ilipokuwa imeshika kibuyu.

"Nilipakia mizigo ya watu. Niliosha ndege. Leseni yangu ilikufa na sikumwambia baba. Kila nikitaka kusema, nakumbuka vile alilia siku hiyo, nanyamaza. Baba aliuza shamba la chini kwa ajili yangu na sasa kuna mtu mwingine analima hapo, mimi nampita kila siku nikienda kituoni, tunasalimiana." Alimgeukia Phyllis. "Mama Chepchirchir, kazi inaweza kuwa iko na inaweza kuwa haiko. Mimi sijui, na yule wa tai pia hajui. Lakini chai iko. Usitoe chai."

Mzee alimnyang'anya kipaza sauti. "Ndugu zangu, tusisikilize maneno ya wivu siku ya baraka," alisema, na wengi wakaitikia. Mtu nyuma alipiga kelele kwamba Pailoti amelewa. Kipkurui hanywi pombe, na hao waliosema wanajua hanywi.

Ndipo Chepchirchir aliposema. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Sasa nisomee nini?"

Watu waligeuka kumtazama.

"Nauliza tu," alisema msichana. "Kama hii haina kazi, niambie ile iko nayo niende hiyo. Ualimu? Unesi? Nisomee kuchuma?"

Kipkurui alisimama na kibuyu kifuani. Alifikiria kweli, niliona anafikiria. Mimi nami nilifikiria. Binti yangu ana cheti cha ualimu cha miaka mingi na anauza mitumba Litein. Mtoto wa yule mzee wa kanisa ni muuguzi, yuko nyumbani, anamsaidia baba yake kufuga nyuki. Hakuna mtu chini ya mahema yale mawili aliyefungua mdomo. Msichana alingoja kwa adabu, kama mwanafunzi anavyomngoja mwalimu, kisha akavua sinendet, akaiweka juu ya kiti chake, akaenda nyuma ya kanisa kuwasaidia akina mama kupakua wali.

Tulikula. Chakula kilikuwa kimepikwa, kingefanywaje? Watu walikula na kuondoka mapema wakisingizia mvua. Rebeccah alirudi nyumbani na kibuyu kimejaa, na kwa juma zima alimwekea mwanawe chakula mezani kisha akatoka nje mpaka amalize. Sikumlaumu. Aliaibishwa mbele ya watu kwa jambo ambalo hata yeye alikuwa hajaambiwa.

Jumatatu asubuhi gari la Mochama lilipanda mlima na wachumaji nyuma. Nilikuwa kwenye mfereji wangu, na sitajifanya kwamba nilikuwa na kazi ya maana hapo. Phyllis alikuwa amesimama mwanzo wa shamba, na ndani ya chai Syprose alishaanza kuchuma, kikapu mgongoni, hageuki. Mochama alishuka, wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za watu wa nyumbani. Kisha Phyllis akatikisa kichwa. Mochama alizungumza kwa muda mrefu, mikono ikiruka, akilalamikia mafuta ya gari na siku aliyopoteza. Phyllis aliendelea kutikisa kichwa taratibu mpaka gari likageuka.

Baadaye alinikuta mferejini.

"Usifikiri nimemsikia Pailoti," alisema. "Sijamsikia. Ni vile mtoto aliuliza, na watu wote wale, hakuna mmoja alimjibu. Nikaogopa." Alikaa chini kwenye majani yenye umande bila kujali rinda. "Mwalimu, nimefanya vizuri?"

Nilimwambia amefanya vizuri. Ukweli ni kwamba sijui. Nikisema ninajua nitakuwa kama mtu wa tai. Labda miaka michache ijayo mashirika ya ndege yatawaita watu kwa majina na mtoto wa mtu mwingine, kutoka kijiji kisicho na karani mwenye mdomo, atakuwa amekaa pale mbele na kofia. Labda pia hatakuwapo mtu pale mbele kabisa. Nimechoka kuulizwa habari za kesho na watu ambao wanahitaji kula leo.

Michango ya harambee ilirudishwa kwa wenyewe, wengine wakakataa kuipokea na kusema ikae kwa ajili ya chuo chochote atakachopata. Chepchirchir alijaza maombi ya vyuo vya serikali, kozi hii na ile, bila kuchagua sana. Akisubiri majibu, anachuma chai na mama yake na Syprose. Ana mikono myepesi. Ile karatasi ya juu ya kitanda Phyllis ananiambia bado iko.

Kituoni watu waliacha kwa muda kumwita Kipkurui Pailoti. Walimwita "Karani", kwa sauti ya kumkomesha. Baada ya majuma machache walisahau, jina la zamani likarudi lenyewe, maana ulimi umelizoea. Rebeccah naye alianza tena kumsemesha, kwanza kuhusu ng'ombe, kisha kuhusu mambo mengine.

Juzi tulikuwa tunangoja lori. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua na mabati yalikuwa yanafuka. Chepchirchir aliketi juu ya gunia lake lililokwisha kupimwa, miguu kwenye matope, anachuna ngozi iliyokufa kwenye vidole. Kipkurui alimaliza na mtu wa mwisho, akafunga mizani, akasimama mbele yake. Nilikuwa hatua chache tu. Sikuondoka.

"Chepchirchir," alisema, "umenikasirikia."

"Hapana."

"Sema tu."

Msichana alimtazama, akilifunika jua kwa kiganja. "Ulisema ukweli. Mama hata sasa angekuwa hana chai. Najua hiyo, nashukuru." Alikoroga matope kwa kidole cha mguu. "Lakini ulipokuwa kule, ulirusha ndege peke yako? Bila mwalimu?"

"Ndiyo. Lazima upite hiyo ndio wakupatie leseni."

"Kutoka chini mpaka juu."

"Ndiyo."

"Na ukaiteremsha."

"Ndiyo."

Chepchirchir aliteremsha mkono, akarudi kuchuna vidole vyake.

"Basi wewe uliruka," alisema. "Mimi umenizuia nikiwa hapa chini."

Nilitaka kumkemea, nimwambie huyo ni mkubwa wako na amekuokolea mama. Niliacha, kwa sababu mtoto hakusema uongo. Lori lilisikika likipanda kutoka upande wa daraja, na watu wakaanza kuinuka na kushika magunia yao.

"Ndiyo," alisema Kipkurui, akaenda kulipokea lori.